Maziwa ya Siku ya Ufunguzi

Mkebe wa mwisho wa maziwa uling'aa kiasi cha mtu kujiona uso, lakini Ebla aliingiza kichwa ndani yake, akanusa, akakunja pua. Ulikuwa msafi, na hilo ndilo lililomsumbua. Ulinuka maji ya bomba, sabuni na chuma kitupu. Ukimpa mgeni maziwa kutoka chombo cha namna hiyo atakunywa kwa adabu, kisha akifika kwao atasema alikwenda Isiolo akanyweshwa maji ya kuoshea vyombo.

Tangu alfajiri alikuwa ameinama kwenye karo la kiwanda kipya cha maziwa ya ngamia, kando ya barabara ya kwenda Moyale, nyuma ya ukuta ambao rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Alikuwa amevaa koti jeupe, buti za mpira zilizomzidi miguu, na kofia ya nailoni ambayo Kimotho, meneja, alisisitiza ivaliwe juu ya shungi. Hata hivyo Ebla hakulalamika. Alikuwa akijitazama katika kila mkebe aliomaliza kuusugua, na kila mara alimwona mtu aliyeajiriwa.

Maisha yake yote ya ukubwani Ebla alikuwa mfukizaji pale steji ya maziwa mjini. Maziwa ya ngamia yakitoka malishoni hayatiwi katika mtungi mtupu hivi hivi. Mtungi huoshwa, kisha hufukizwa kwa moshi wa ejersa, mzeituni wa porini, ili maziwa yasichache njiani na yawe na ladha ambayo watu wa Isiolo wakiikosa husema maziwa hayana roho. Wafanyabiashara wa steji humletea mfukizaji mitungi yao, naye humeza moshi ili wao wauze maziwa. Ebla alikuwa ameumeza mpaka kifua kikagoma. Daktari wa zahanati alimwekea kile chombo chake mgongoni, akasikiliza, akamuuliza kama anavuta sigara.

"Sigara?" Ebla alimjibu. "Daktari, mimi nafukizia mji mzima."

Daktari hakucheka. Alimwambia aachane na moshi, na akamwambia kwa sauti ya mtu asiyerudia maneno.

Kwa hiyo Kimotho alipokuja steji akitafuta wanawake wa kiwanda, Ebla alimwona kama mtu aliyetumwa na Mungu, ijapokuwa alikuja na pikipiki ya kukodi na kalamu ya kuazima. Kimotho alichagua wanawake wanane, akawapa sharti moja. "Sitaki mtu mguu moja hapa, mguu ingine kiwandani. Ukikubali kazi, umeacha steji."

Ebla alikubali. Akamwita Faiza, mjane kijana aliyekuwa akifukiza pembeni kabisa, karibu na mtaro, mahali wanapokalishwa wageni wa kazi hiyo. Mbele ya wanawake wote wa steji alimkabidhi kigoda chake, kopo lake la moshi na wateja wake. Fatiha ikasomwa, chai ikanywewa. Pale steji mahali palipotolewa kwa Fatiha hapaombwi tena, hata mwenyewe akirudi analia. Ebla alilijua hilo vizuri kuliko wote, kwa maana yeye ndiye aliyewahi kumkatalia mwingine.

Sasa alikuwa na mikebe misafi mbele yake, na mkobani, kwa mazoea tu, alikuwa na vijiti vya ejersa.

Kifua kilimwambia asithubutu. Adabu ikamwambia siku moja haiui mtu. Kimotho mwenyewe alikuwa amesema asubuhi, "Mama, hizi mikebe zikuwe tayari kabisa, kuna wageni wakubwa." Mgeni mkubwa, na chombo kisichofukizwa? Nani hufanya hivyo? Ebla alibeba mikebe nyuma ya jengo mmoja mmoja, akawasha vijiti ndani ya kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, akangoja moto ufe ubaki moshi, kisha akauinamisha kila mkebe juu yake na kuushikilia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Wenzake walipopita walivuta pumzi wakatabasamu.

Faiza alifika na tuktuk iliyobeba maziwa yote ya asubuhi ya steji. Wanawake walikuwa wamekubaliana kuyatoa ili kiwanda kianze na baraka yao. Aliufungua mkebe wa kwanza, moshi ukampanda puani.

"Eeddo, umefukiza!" alisema. Eeddo ni shangazi, na Faiza alimwita hivyo kwa heshima. "Wallahi, hawa wageni watahamia Isiolo."

"Ya mwisho hii," Ebla alisema huku akifuta macho. "Kutoka leo mimi na moshi, kila mtu kwao."

Maziwa yakatiwa mikebeni, na kufikia saa nne mahema yalikuwa yamejaa. Mgeni rasmi alikuwa mbele katika kiti chenye kitambaa, wafadhili wakiwa na kofia pana, na wanawake wa steji nyuma juani. Wafanyakazi wanane walipangwa kando ya jukwaa, wamesimama wima kama mikebe yao. Kate, msichana kutoka Nairobi aliyefanya kazi na mradi uliofadhili kiwanda, aliwasha projekta. Alikuwa mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu anayejitahidi.

"Huu ni mtazamo wa ajira kwa eneo letu," alisema. "Kazi zenye zinakua, na zenye zinapungua."

Kwenye turubai jeupe zikapanda nguzo za rangi. Ujenzi ulikuwa na nguzo fupi. Utalii ulikuwa na ndefu kidogo. Ufugaji haukupanda kabisa. Nguzo yake ilikuwa nyekundu na ilielekea chini, na mzee mmoja aliyekuwa amewaacha mbuzi wake huko Kipsing kuja kushuhudia aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza jirani yake kama mbuzi wenyewe wameambiwa. Nguzo ya maziwa ilikuwa ya kijani. Ilipanda, ikapanda, mpaka ikagusa ukingo wa turubai.

"Wahudumu wa usindikaji," Kate alisoma, akawaonyesha kwa mkono wanawake wanane. "Hii ndiyo kazi inakua haraka kuliko zote kaskazini. Na hawa hapa ndio hao!"

Watu wakapiga makofi. Ebla alihisi moto wa furaha ukimpanda shingoni. Hakuwahi kujua kwamba kazi yake ina jina refu hivyo, sembuse rangi ya kijani.

Wakati huo Kimotho alikuwa amekwenda kuangalia maziwa. Aliufunua mkebe mmoja, akainama, akarudisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Akaufunua wa pili, na wa tatu. Alisimama kidogo akifikiri, akiwatazama wafadhili na akiitazama mikebe. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Wageni wetu," alisema, "mnaona hii maziwa? Iko na harufu ya moshi. Iko chini ya viwango. Sasa nataka mjionee vile kiwanda ya kisasa inafanya kazi. Hapa hatukubali kitu chini ya viwango!"

Akawaashiria vijana wawili. Wakauinua mkebe wa kwanza, wakaumwaga.

Maziwa yalitoka kwa kishindo, yakapiga zege, yakakimbia kuelekea mferejini yakiwa meupe na yakifuka. Kisha mkebe wa pili. Kisha wa tatu. Wafadhili walipiga makofi. Upande wa wanawake wa steji hapakusikika kitu. Hawa ni watu ambao inzi akitumbukia katika maziwa humtoa, wakasema bismillahi, wakanywa. Mtoto akimwaga tone hufinywa. Walikuwa wamevibana vinywa kwa pembe za shungi, na macho yao yalikuwa yameganda. Hatimaye mama mmoja alitoa sauti, "Subhanallah," polepole, kama anavyosema mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ebla alitaka kukimbia akaweke mikono chini ya ule mkondo. Alibaki mstarini. Aliona maziwa ya Faiza yakipita, na ya wale wote walioisoma Fatiha pamoja naye, na akawaza jambo moja tu: ni mimi. Ni mkono wangu. Nimekiua kiwanda siku ya kuzaliwa kwake.

Kimotho alimjia makofi yalipotulia, akitabasamu kwa ajili ya wageni, akizungumza bila kufungua meno.

"Nani alifanya hii kitu?"

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Ulisema zikuwe tayari kwa wageni. Nikazitayarisha."

"Nilisema uoshe! Vua hiyo koti, mama. Enda kando, tutaongea baadaye."

Alilivua. Lilikuwa limeshika harufu ya ejersa, na aliona haya kumpa. Wahudumu wakaanza kuwagawia wageni maziwa katika pakiti ndogo zenye picha ya ng'ombe, za kutoka supamaketi. Mgeni rasmi alifyonza yake kwa mrija akasema kweli kaskazini imeamka.

Ebla hakwenda kando. Alizunguka jengo akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na mpango, kama mtu aliyezama anavyokuwa na mpango. Angeiosha mikebe upya, angeisugua hata ngozi itoke, angemwomba Kimotho ampige faini lakini asimfukuze, na aruhusu maziwa ya jioni yaingie katika mashine ili angalau wanawake waone kwamba maziwa yao yamefika mahali. Mashine alikuwa ameiona asubuhi kwa mbali kupitia dirishani, kubwa, ya fedha, yenye saa na vishikio. Ilimpa moyo.

Ndani alimkuta Abdiladif, dereva wa lori wa mtaa wa Bulapesa, mtoto wa jirani yake wa zamani. Alikuwa amepiga magoti chini ya mashine na spana mkononi.

"Waryaa, Abdi! Unaharibu mali ya watu!"

Abdiladif aliruka. "Eeddo Ebla! Salaam aleikum. Wewe unafanya nini huku?"

"Mimi nafanya kazi hapa," alisema, kisha akakumbuka hana koti. "Na wewe?"

"Mimi nafungua hii kitu. Nimeambiwa wageni wakitoka tu nipakie. Kesho kuna ufunguzi mwingine, kaskazini huko. Lazima nisafiri usiku."

Ebla alimtazama bila kuelewa. Kisha akaitazama mashine. Haikuwa imesimama sakafuni. Ilikuwa imekaa juu ya mbao za kupakilia, na mikanda ya lori bado ilikuwa imening'inia ubavuni. Bomba nene lilitoka mgongoni mwake, likapita hewani vizuri sana, likafika ukutani na kuishia hapo. Hapakuwa na tundu. Aliligusa. Lilikuwa limebandikwa kwa gundi. Waya wa umeme ulikuwa umezungushwa na kufungwa fundo, na ncha yake haikuwa na kichwa.

"Abdi," alisema, "maziwa ilikuwa iingie wapi?"

Dereva alijikuna shingo. "Eeddo, mimi ni mtu wa lori tu."

"Nakuuliza. Kama singefukiza, maziwa ilikuwa iingie wapi?"

"Haingii mahali," Abdiladif alisema, akitazama spana yake. "Haiwaki. Nimeibeba mara nyingi, sijawahi ona inawaka."

Kimotho aliingia akiwa anajifuta jasho, akawaona, akafunga mlango nyuma yake. Kwa kumsifu kidogo, hakujaribu kudanganya. Alikuwa amechoka, na uso wake mbali na wageni ulikuwa wa mtu wa kawaida mwenye matatizo yake.

"Mama, sikia. Yetu inakuja. Bajeti ikipita, inakuja. Hii tumeletewa ya kuonyesha."

"Na maziwa?"

"Ingemwagwa tu. Jioni, watu wakienda. Ungetaka nifanye nini nayo? Sina hata friji. Hiyo moshi yako, ukweli usemwe, ilinisaidia. Wafadhili walifurahia sana."

Ebla aliketi juu ya ubao wa mashine. Dakika chache zilizopita alikuwa akijilaumu kwa kuua kitu. Sasa aliambiwa hakikuwa hai, na hakujua kwa nini habari hiyo ilimuuma kuliko ile ya kwanza. Alifungua mdomo kutukana kikatoka kikohozi, kirefu, kilichomkunja mpaka Abdiladif akamshika bega.

"Nimetoa mahali pangu," alisema alipopata pumzi. "Wewe mwenyewe uliniambia nitoe. Nimepatoa kwa Fatiha."

"Nilidhani mashine itakuwa imefika! Na usijali, uko ndani. Wewe ni mmoja wa wale wanane. Huwezi kutolewa."

"Si umenivua koti?"

"Koti ni koti. Hesabu ni hesabu."

Mlango ulifunguka, akaingia Kate na kijana wa kamera. Alikuwa akitabasamu. "Mama Ebla! Nimekutafuta. Tunataka utuambie kidogo tu, vile maisha imebadilika tangu upate kazi. Hata ile ya moshi tutaiweka, ni funzo nzuri."

Ebla alisimama. Alimshika Kate mkono, kwa upole, kama unavyomshika binti wa mtu, akampeleka mpaka kwenye bomba. Akamwekea kiganja chake juu ya ile gundi.

Tabasamu la Kate liliondoka taratibu. Alilifuata bomba kwa macho mpaka kwenye mashine, akaona mbao, mikanda, dereva na spana yake. Alimgeukia Kimotho. Kimotho alikuwa akisoma simu.

"Mimi niliambiwa imefungwa," Kate alisema. "Kwa ripoti iko kama imefungwa. Inafanya kazi."

"Ile mti ya kijani," Ebla alisema, "ile ndefu pale kwa turubai. Mimi niko ndani?"

"Eeh. Wewe, wenzako, wenye wanaleta maziwa, madereva, na familia..."

"Hata mimi?" Abdiladif aliuliza kutoka chini ya mashine.



"Nitoe," Ebla alisema.

"Mama?"

"Nitoe kwa hiyo mti. Kama mimi niko kazini huko, huyu anaomba kazi hapa ni nani? Nitoe, na wenzangu uwatoe. Sasa hivi."

Kate alikuwa amebadilika rangi. Alisema kwa sauti ndogo, na ilionekana kweli inamuuma, "Siwezi. Ilichapishwa mwezi uliopita."

Mwezi uliopita. Ebla aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Mwezi uliopita Kimotho alikuwa bado hajafika steji na pikipiki yake. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake anamwinamishia mteja mtungi, hajui lolote, na tayari huko Nairobi, kwenye karatasi, alikuwa ameajiriwa. Aliitafuta hasira hakuipata. Alichokipata kilikuwa baridi, kama mtu aliyesikia jina lake likitangazwa miongoni mwa waliokufa. Alichukua mkoba wake, akatoka, akaliokota kopo lake nyuma ya jengo, akapita katikati ya mahema ambapo walikuwa wanakata utepe.

Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, alifika steji. Magari ya maziwa yalikuwa yamekuja na kelele zilikuwa zile zile, wanawake wakigombania bei na nafasi kwenye basi la Nairobi. Walipomwona wakampisha njia. Redio ya kibanda cha chai ilikuwa ikitangaza kwamba kiwanda kimefunguliwa Isiolo, na kwamba wanawake wa maziwa sasa wana ajira.

Faiza aliondoka haraka kwenye kigoda. Alikinyanyua pamoja na kopo, akamletea kwa mikono miwili. "Chukua, eeddo. Mimi sijazoea hata."

Ebla alikitazama kigoda. Kilikuwa na alama ya mwili wake. Kama kuna kitu alikitaka duniani saa ile kilikuwa hicho.

"Fatiha ilisomwa," alisema. "Kaa."

Akaenda pembeni kabisa, karibu na mtaro, akafukuza mbwa, akaketi juu ya jiwe. Alitoa vijiti vilivyobaki, akaviwasha ndani ya lile kopo la mafuta, akangoja moto ufe. Moshi wa kwanza ulipomwingia alikohoa huku ameshika ubavu.

"Ebla," mwanamke mmoja alimwita kutoka upande wa mizani, wala hakuwa na nia mbaya, "si redio imesema umepata kazi?"

"Nimepata."

"Na iko wapi?"

"Iko kwa lori ya Abdiladif," Ebla alisema. "Saa hii imeshapita Archer's, kaskazini huko."

 Faiza alichukua mtungi wake mmoja mtupu, akavuka nao kati ya watu, akauweka mbele ya Ebla. Ebla akaushika, akauinamisha juu ya moshi, akageuza uso pembeni ili apate pumzi.